Vazi, Daraja au Toleo? Uhakiki wa Istilahi za Pikipiki za Safari Ndefu

Mapema mwaka huu tuliletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo mmoja unaomsaidia mnunuzi kuchagua pikipiki kubwa ya safari ndefu. Mtafsiri wake, ambaye hatuna haja ya kumtaja, ameifanya kazi hiyo kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Oman, ambako mtu aweza kutoka Maskati kwenda Salala, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000, bila kuacha lami. Alituomba tupitie istilahi tu, wala si mashauri yaliyomo. Tumezipitia, na tumeona kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Kila neno lilipokosewa, shauri nalo limepotoka. Na katika kurasa mbili tatu shauri lililopotoka laweza kumwangusha mtu barabarani. Kwa sababu hiyo twaona ni heri uhakiki huu usomwe na wengi kuliko kubaki katika barua.

Suala lenyewe ni hili. Watengenezaji wa pikipiki kubwa huuza pikipiki moja kwa namna mbili au tatu. Injini ni ile ile, fremu ni ile ile, tangi ni lile lile. Kinachotofautiana ni vitu vilivyoongezwa au kupunguzwa juu yake. Mfano ulio wazi ni Gold Wing ya kampuni ya Honda, iliyoundwa upya mwaka 1018 wa wahariri wetu wa chapa, yaani mwaka 2018 (rasimu yenyewe ina kosa hilo la tarakimu katika ukurasa wake wa kwanza). Kuna iitwayo Gold Wing bila nyongeza, na kuna iitwayo Gold Wing Tour. Zote mbili zina injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 1,833, zote zina tangi la lita 21, na zote zina masanduku mawili ya ubavuni yenye ujazo wa lita 30 kila moja. Lakini Tour ina sanduku la tatu nyuma ya kiti, na juu ya sanduku hilo limejengwa egemeo la mgongo kwa ajili ya mtu anayekaa nyuma. Kioo chake cha mbele ni kirefu zaidi, na uzito wake umezidi kwa zaidi ya kilo kumi. Ile nyingine haina sanduku la tatu wala egemeo, na mkia wake umeteremka.

Mtu anayeendesha peke yake ahitaji ipi? Anayempakia mkewe au mumewe kwa siku tano ahitaji ipi? Hilo ndilo swali la mwongozo wote, na jibu lake si gumu. Ugumu uko katika kulisema.

Neno la kwanza la kulitazama ni lile linalotaja namna hizi mbili za pikipiki moja. Mtafsiri ametumia maneno matatu kwa kubadilishana, kana kwamba ni visawe: *daraja*, *toleo* na *kiwango cha mapambo*. Hili la tatu halitatuchukua muda. Neno la Kiingereza lililo nyuma yake lina maana nyingi, mojawapo ikiwa ni mapambo, na mtafsiri ameshika hiyo akaacha nyingine. Matokeo yake ni kwamba egemeo linalomzuia mtu asianguke chali limehesabiwa kuwa pambo, kama utepe.

*Toleo* lina kasoro ya namna nyingine. Neno hili lina kazi yake tayari: toleo la gazeti, toleo la pili la kitabu. Lina wazo la wakati ndani yake. La pili huja baada ya la kwanza, na aghalabu huliondoa. Katika biashara ya magari na pikipiki wazo hilo la wakati linahitajika sana, maana pikipiki ya mwaka 2018 si ile ya mwaka 2021 hata kama jina ni moja. Sanduku la nyuma la Gold Wing Tour ya mwaka 2018 lilikuwa na ujazo wa lita 50. Mwaka 2021 liliongezwa likawa la lita 61, na egemeo likalazwa zaidi, kutoka nyuzi 16 hadi nyuzi 24.5, kwa faida ya anayekaa nyuma. Hayo ndiyo matoleo: la 2018 na la 2021. Rasimu inaposema "toleo la Tour ni bora kwa wawili", msomaji hana njia ya kujua kama anaambiwa juu ya sanduku au juu ya mwaka; naye anayenunua pikipiki iliyokwisha tumika anahitaji kuyajua yote mawili.

*Daraja* ndilo neno lililotusumbua, kwa kuwa si kosa dhahiri. Bei zimepangwa kidaraja kweli: isiyo na sanduku ni rahisi, yenye sanduku ni ghali, na yenye mfuko wa hewa wa kumkinga mwendeshaji ni ghali zaidi. Lakini Kiswahili kikisema daraja kimekwisha toa hukumu. Tuna daraja la kwanza na la tatu katika treni na meli. Tuna madaraja ya mishahara serikalini. Mwanafunzi hufaulu kwa daraja. Hakuna aliye timamu ambaye hutaka daraja la chini ikiwa uwezo anao. Basi msomaji wetu, mwenye fedha za kutosha na asiye na wa kumpakia, akisoma kwamba Gold Wing ni "daraja la chini" na Tour ni "daraja la juu", atanunua Tour. Atabeba sanduku tupu mwaka mzima, uzito wake ukiwa juu na nyuma ya gurudumu, mahali ambapo uzito humsumbua zaidi anayegeuza pikipiki kwa miguu katika uwanja wa changarawe. Atakaposhuka itambidi aurushe mguu juu ya egemeo lisiloegemewa na mtu. Hakudanganywa na muuzaji. Amedanganywa na neno.

Tumejiuliza basi, pikipiki hizi zinatofautiana kwa nini hasa? Historia yake yatoa jibu. Gold Wing ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cologne mwaka 1974, ikauzwa kama pikipiki ya mwaka 1975. Ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita 999, na zaidi ya hapo haikuwa na kitu: hakuna bamba la kukinga upepo, hakuna sanduku. Waliotaka kwenda nayo mbali walijinunulia vitu hivyo kwa mafundi wengine, na bamba lililopata sifa zaidi lilikuwa Windjammer la Mmarekani Craig Vetter, ambalo jina lake, kwa bahati, ni la jahazi la matanga. Kiwanda kiliona fedha zinakokwenda. Mwaka 1980 kikatoa Interstate, yenye bamba na masanduku yake tangu kiwandani. Mwaka 1982 kikaongeza Aspencade, yenye starehe zaidi. Mwaka 1988 injini ikawa ya silinda sita, na mwaka 2001 ikafikia ujazo wa sentimita 1,832. Halafu, mwaka 2013, mambo yakageuka: kikatoa F6B, ambayo si nyingine ila Gold Wing iliyovuliwa. Sanduku la nyuma liliondolewa, kioo kikakatwa, hata gia ya umeme ya kurudi nyuma haikuwamo. Na watu waliinunua.

Kilichovikwa hapo mwanzo kikavuliwa baadaye, na mwili ukabaki ule ule. Hatukwenda mbali kutafuta neno: ni *vazi*. Wapanda pikipiki wa Kiingereza wenyewe huiita pikipiki isiyo na bamba kuwa iko uchi, na ile iliyokamilika masanduku kuwa imevikwa. Hatukuiga msemo wao, bali twautaja kuonyesha kwamba wazo hili si geni katika kazi hiyo. Vazi halimpandishi mtu cheo kwa lazima. Kuna vazi la shamba na vazi la harusini, na anayekwenda shamba na la harusini hachekwi kwa umaskini bali kwa kutojua aendako. Hivyo twapendekeza: *muundo* kwa pikipiki yenyewe, *toleo* kwa mwaka wake, na *vazi* kwa vitu ilivyovishwa. "Gold Wing, toleo la 2021, vazi la Tour." Sentensi hiyo haimwachi msomaji njia panda.

Twajua pingamizi litakalotolewa, maana limekwisha tolewa na wenzetu wawili ofisini. Mpanda pikipiki naye huvaa: ana koti, glavu, viatu na helmeti, na mwongozo ukisema "vazi la safari" msomaji atadhani ni koti. Pingamizi hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba vitu vya mwendeshaji vimekwisha zoeleka kuitwa *mavazi ya kujikinga*, na kwamba vazi la pikipiki litatajwa kwa jina lake kila mara. Atakayepata neno jembamba zaidi tutampokea. Neno tusilolikubali ni daraja.

Majina ya biashara nayo yasiguswe. Rasimu imeandika "Honda ya Baina ya Majimbo" mahali pa Interstate. Ni kweli kwamba jina hilo limetokana na barabara kuu za Marekani, lakini mtu akienda kutafuta vipuri vya Baina ya Majimbo hatavipata Maskati wala Ohio. Aspencade imemshinda mtafsiri akaiacha, na hapo alifanya vema pasipo kukusudia. Kwa BMW ameifasiri herufi L iliyo mwishoni mwa K 1600 GTL kuwa "ya anasa". Ndivyo herufi hiyo inavyomaanisha kwa wenyewe, lakini *anasa* kwetu ni neno lenye lawama, na waliosoma shule baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hawalisikii bila kuona kidole kimenyoshwa. Starehe ingetosha. Tena la muhimu kuhusu GTL si starehe kwa jumla, bali kiti chake: kina kimo cha milimita 750 tu, hali kile cha K 1600 GT chafikia 810 au 830. Mtu mfupi anayempakia mwingine na kusimama kwenye taa za barabarani atapenda kuambiwa hilo kabla ya kuambiwa anasa.

Tuje kwenye jina la jumla. "Pikipiki ya kitalii" haikubaliki. Mtalii kwetu ni mgeni aliyekuja kutazama simba, na pikipiki ya kitalii itadhaniwa kuwa ni ya kukodishiwa wageni hao. *Safari* ndilo neno. Lugha nyingine zimekuja kuliazima kwetu, nasi tunaliacha mlangoni! Pikipiki ya safari ndefu, au ya masafa marefu, inatosha.

Kwa masanduku ya ubavuni mtafsiri ameandika "mikoba ya tandiko", neno kwa neno. Lakini Kiswahili kilikwisha kuwa na kitu hicho kabla pikipiki haijaundwa. *Shogi* ni kile kikapu kirefu cha ukindu kilichowazi katikati, kinachotandazwa juu ya mgongo wa punda ili mzigo ukae huku na huku kwa uzani sawa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo. Mwenye kupakia shogi anajua bila kufundishwa kwamba upande mmoja usizidi mwingine, na hilo ndilo onyo la kwanza katika mwongozo wowote wa pikipiki. Twapendekeza *mashogi* kwa masanduku ya ubavuni, na *sanduku la nyuma* kwa lile la tatu. *Buti* tuwaachie wenye magari. *Keria* nayo ibaki kwa chuma kitupu cha kufungia mzigo, kama ilivyo kwa baiskeli.

Anayekaa nyuma ameitwa *abiria* kote. Hapa tumesita. Abiria hulipa nauli, au angalau hulipiwa, na sheria za barabarani zinamtambua kwa jina hilo, huko libaki. Lakini katika mwongozo huu anayekaa nyuma ni mke, rafiki au mtoto mkubwa, na yeye ndiye sababu ya kuwapo kwa vazi la pili. Watu husema kila siku "amenipakia", "nipakie hadi sokoni". Kutokana na kitenzi hicho twapata *mpakiwa*, neno lisilo na nauli ndani yake. Tunalipendekeza kwa miongozo, huku tukijua kwamba wengine wataona linamfanya mtu kuwa shehena. Sisi hatuoni hivyo. Na yeyote aliyekaa nyuma ya pikipiki saa sita bila egemeo atakubali kwamba tofauti haikuwa kubwa.

Kinyume cha kupakia ni kuendesha peke yako. Rasimu imesema "safari za upweke". Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu sura nzima imeitwa "Pikipiki Bora kwa Upweke", kama dawa. *Mwendo wa mmoja* na *mwendo wa wawili* yasema yote.

Sasa kurasa zilizotufanya tuandike. Nyuma ya kila pikipiki kuna springi, na springi hiyo hukazwa au hulegezwa kulingana na uzito utakaoikalia. Kiingereza kimeunda istilahi yake kwa maneno mawili, "kabla" na "mzigo", na mtafsiri akaandika "mzigo wa awali". Kisha sentensi ikatoka hivi: "Ukiwa na abiria, ongeza mzigo wa awali." Msomaji wa kawaida ataelewa nini? Ataelewa kwamba mtu akipanda nyuma, mzigo uongezwe kwanza. Atafanya kinyume kabisa cha alichoagizwa: badala ya kukaza springi ataizidishia uzito. Pikipiki itaketi kwa nyuma; gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utalegea mkononi; taa ya mbele itaelekea juu na kuwapofusha wanaokuja. Istilahi iwe *mkazo wa awali*, yaani mkazo ambao springi inao kabla haijakaliwa. Iongezwe na maelezo kwamba kukaza huku hakuigeuzi springi kuwa ngumu zaidi. Kunairudisha pikipiki kwenye kimo chake. Fundi wa mtaani husema "kaza shokapu", na amesema vema kuliko rasimu.

Katika Gold Wing Tour mkazo huo hurekebishwa kwa umeme, kwa kubonyeza tu, na watengenezaji wameweka alama nne za picha: mtu mmoja, mtu mmoja na mzigo, watu wawili, watu wawili na mzigo. Picha hizo nne zimeufupisha mwongozo wote, wala hazikuhitaji mtafsiri. Katika vazi lisilo na sanduku la nyuma, la toleo la 2018, mwenye pikipiki hukaza kwa mkono. Ndiyo kusema anayepakia leo na kesho haendi na mtu atafaidi Tour kila asubuhi, na anayekwenda peke yake daima atakaza mara moja akasahau. Hii ni tofauti kubwa kuliko sanduku, lakini rasimu imeitaja kwa nusu mstari.

La mwisho ni uzito unaoruhusiwa. Mwongozo wa Kiingereza unataja kikomo kimoja kinachojumlisha mwendeshaji, mpakiwa, vilivyomo masandukuni na kila kilichoongezwa baada ya kununua. Rasimu imekiita "uzito wa mizigo". Mtu na mkewe watapanda, kisha watajaza mashogi kwa kilo zote zilizoandikwa, wakiamini wametii. Iandikwe *uzito wote unaobebwa*, na hesabu ifanywe mbele ya msomaji: toa uzito wako, toa uzito wa mpakiwa, kinachobaki ndicho cha nguo na chakula. Wengi watashangaa jinsi kinachobaki kilivyo kidogo, hata katika pikipiki yenye masanduku matatu. Ukubwa wa sanduku si ruhusa ya kulijaza.

Wako watakaosema kwamba Baraza halina sababu ya kujisumbua na pikipiki ambayo wasomaji wake wengi hawataigusa. Lakini springi yenye pete ya ngazi, inayokazwa kwa spana, iko nyuma ya pikipiki ndogo zilizojaa katika kila kituo cha bodaboda, na vijitabu vyake navyo vitafasiriwa, kama havijaanza. Dereva anayepakia watu wawili nyuma yake, wale tunaowaita mishikaki, ana haja ya *mkazo wa awali* na *uzito wote unaobebwa* kuliko mwenye Gold Wing, ingawa yeye hawezi kubonyeza alama ya picha. Tena mwalimu wa ufundi atakayefundisha "mzigo wa awali" mara moja atakuwa amewafundisha mafundi arobaini.

Rasimu tumemrudishia mwenyewe pamoja na masahihisho haya. Tumemwomba aanze na ukurasa wa springi na ule wa uzito, aupige chapa upya kila mmoja na kuupeleka kwa mteja wake mara moja, bila kusubiri tukubaliane juu ya *vazi*.